Sura ya Sita: Mwezi wa Loji Hauanzi Tarehe Moja

Kila mwisho wa mwezi, katika loji nyingi za Serengeti, meneja hukaa mbele ya kompyuta na kuandika taarifa ya mwezi. Taarifa hiyo huenda kwa mawakala wa Ulaya na Marekani, na kwa wageni waliowahi kulala hapo ambao bado wanataka kujua yule simba jike wa mtoni amezaa watoto wangapi. Ina mpangilio wake: mvua imenyesha kiasi gani, nyumbu wako upande upi, chui ameonekana wapi katika bonde la Seronera, duma gani amepoteza watoto. Mwishoni huwekwa picha ya jua likizama nyuma ya mgunga. Nimesoma nyingi za namna hiyo, na nyingine zimeandikwa vizuri kweli, na watu wanaowajua wanyama. Lakini ukifika mwisho unaweza kudhani loji haina jiko.

Ipo taarifa ya pili, ambayo haiandikwi popote. Hiyo hutolewa jioni kwenye mesi ya wafanyakazi, sahani za ugali na maharage zikiwa mezani: lori la vyakula limekwama wapi, nani anarudishwa nyumbani mpaka msimu ufunguke, tipu za mwezi zimegawanywaje, tembo amefukua bomba lipi. Wanyama nao wamo, tena kwa undani zaidi, kwa sababu askari wa zamu ya usiku ameona mambo ambayo mgeni aliyelala hakuyaona. Katika sura hii nataka tuufuate mwaka mmoja wa loji kwa kuziweka taarifa hizo mbili pamoja, maana kila moja peke yake inasema nusu.

Kwanza mahali penyewe. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilianzishwa 1951 na ina ukubwa wa kilomita za mraba 14,763. Loji zake za zamani, Seronera na Lobo, zilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, enzi za mashirika ya umma, katikati ya miamba mikubwa. Ukuta umeegemea jiwe, na jiwe limeachwa liingie mpaka ndani. Pimbi waliokuwa wenyeji wa miamba hiyo hawakuhama. Asubuhi utawakuta wamejipanga juu ya ukuta wakiota jua, na mjusi mwenye kichwa chekundu na mwili wa bluu anapanda na kushuka kando yao kama mkaguzi wa majengo. Kusini kabisa, mpakani na eneo la Ngorongoro, iko Ndutu. Kaskazini, karibu na mto Mara, iko Kogatende, ambako malazi mengi ni ya mahema. Katikati ya hapo kuna kambi za kudumu na kambi za kuhamahama ambazo leo ziko hapa na baada ya miezi mitatu utakuta nyasi tupu.

Karibu zote hazina uzio. Ndiyo maana baada ya giza kuingia mgeni hatembei peke yake. Akimaliza kula anasindikizwa na askari, na akiwa hemani akitaka kutoka anamulika tochi nje mpaka askari amwone na kumfuata. Askari mzoefu hamuliki miguuni pake. Anapitisha mwanga taratibu juu ya majani, kushoto na kulia, akitafuta macho. Macho mengi yaliyo pamoja ni swala, hayo anayapita. Mawili peke yake, yakiwa chini chini, anasimama. Hata hivyo ukiwauliza askari hawa wanaogopa nini, wengi hawatamtaja simba. Watakutajia nyati dume mzee aliyeachana na kundi, anayependa kulala nyuma ya dobi kwa sababu maji ya kufulia yameotesha majani mabichi pale. Simba akisikia sauti ya mtu huondoka. Yule mzee wa nyuma ya dobi haondoki.

Sasa mwaka. Kalenda ya ukutani inaanza Januari, lakini watu wa loji huhesabu kuanzia Novemba, mvua za vuli zinapoanza. Nyumbu waliokuwa kaskazini wanasikia harufu ya mvua, au wanaona mawingu, wataalamu bado wanabishana, na wanaanza kurudi kusini kupitia Lobo na Seronera. Korongo weupe wanafika kutoka Ulaya. Na usiku wa mvua ya kwanza kubwa wanatoka kumbikumbi. Kwenye chumba cha kulia wageni wanalalamika kwamba wadudu wanaanguka kwenye supu, na wahudumu wanapunguza taa huku wakiomba radhi. Nyuma ya jiko mambo ni tofauti. Vijana wa Bukoba na Musoma wameshaweka beseni la maji chini ya balbu, kumbikumbi wanamiminika humo wenyewe, na asubuhi wanakaangwa kwa chumvi, bila hata kijiko cha mafuta kwa sababu mafuta wanayo wenyewe. Hakuna taarifa ya mwezi Novemba niliyoisoma iliyowataja, ingawa ndiyo habari kubwa kuliko zote kwenye mesi wiki hiyo.

Desemba loji hujaa. Bei hupanda, mapambo ya Krismasi hutolewa stoo, mpishi wa keki halali. Mtu wa Kilimanjaro aliyeajiriwa loji anaujua uchungu wa mwezi huu. Ukoo wote unapanda nyumbani kwa sikukuu, barabara ya Moshi imejaa magari ya watu wanaotoka Dar es Salaam, mbuzi anachinjwa, na yeye yuko nyikani akiwaimbia wageni nyimbo za Krismasi akiwa amevaa shati la sare. Likizo yake itakuja Aprili, wakati hakuna mwanaukoo mwingine aliye nyumbani.

Desemba pia ndipo utauelewa umuhimu wa lori. Ndani ya hifadhi hakuna shamba wala mfugo, kwa hiyo kila kinacholiwa kinaletwa. Lori linapakia Arusha, linachukua ndizi na mchele Mto wa Mbu, mboga Karatu, na vitunguu vya Mang'ola, vile vya bonde la Eyasi ambavyo mpishi yeyote wa kaskazini atakwambia havina mpinzani. Linaingia lango la Lodoare, linapanda ukingo wa kreta ya Ngorongoro ndani ya ukungu ambao dereva anaona boneti yake kwa shida, kisha linashuka upande wa pili kwenye tambarare. Kutoka hapo mpaka lango la Naabi, na kutoka Naabi mpaka Seronera, barabara ni ya vumbi yenye mawimbi yanayotingisha mpaka meno. Kutoka Arusha mpaka Seronera ni zaidi ya kilomita 300, na mwisho wa safari hiyo mtu wa stoo anafungua trei za mayai moja moja na kuhesabu yaliyopona. Menyu ya kifungua kinywa ya siku inayofuata huamuliwa hapo, kwa kuhesabu. Mgeni anayeletewa kimanda badala ya yai la macho hajui kwamba amepewa habari za barabara.

Halafu Januari. Kila Mtanzania anaijua Januari: ada za shule, sare, michango. Loji bado imejaa wageni waliobaki baada ya mwaka mpya, tipu ni nzuri, na bado ofisi ya uhasibu inapokea maombi ya advansi kuliko mwezi mwingine wowote. Sina la kuongeza juu ya Januari.

Februari ndiyo roho ya mwaka, na inastahili nafasi.

Nyumbu wa mfumo huu ni karibu milioni 1.3, pamoja na pundamilia laki mbili au zaidi na swala wasiohesabika. Mwezi huu wengi wao wako kusini, kwenye tambarare za majani mafupi kati ya Ndutu na milima ya Gol. Sababu iko chini ya miguu yao. Tambarare hizo zimefunikwa na majivu ya volkano za Ngorongoro, Kerimasi na Ol Doinyo Lengai. Majivu hayo yametengeneza tabaka gumu ambalo mizizi ya miti haipenyi, ndiyo maana hapaoti miti, lakini yana kalsiamu na fosforasi kwa wingi, na majani yanayoota juu yake ndiyo chakula bora kwa mama anayenyonyesha. Maji ya kunywa hayadumu huko. Mvua ikikatika, yanabaki ya magadi. Kwa hiyo nyumbu wanakuja kuzaa pale panapofaa, kwa muda ule mfupi ambao panakalika, kisha wanaondoka.

Na wanazaa kwa pamoja. Sehemu kubwa ya ndama, yapata nne ya tano, huzaliwa ndani ya wiki mbili tatu. Fisi, simba, duma na mbweha wanakula mpaka wanashiba, na wakishashiba ndama waliobaki bado ni maelfu kwa maelfu. Ndama anasimama dakika chache baada ya kuanguka, na muda si mrefu anakimbia ubavuni mwa mama yake. Asiyeweza kufanya hivyo haishi mpaka jioni.

Kinachowashinda wageni kukitazama ni ndama aliyepotezana na mama. Kundi likishtuka, ndama mmoja mmoja hubaki nyuma, na ndama aliyebaki hufuata chochote kikubwa kinachotembea. Mara nyingi kitu hicho ni Land Cruiser. Anakuja mbio akilia kwa sauti ya pua, anasimama ubavuni mwa tairi la nyuma, anasukuma bodi kwa kichwa akitafuta chuchu. Gari likisogea, anasogea. Ndani ya gari watu wazima wanaanza kulia na kumbana dereva: tumbebe, tumpeleke, tufanye kitu. Dereva amekutana na hali hii kila Februari ya maisha yake ya kazi. Hamgusi ndama, kwa sababu sheria ya hifadhi hairuhusu na kwa sababu hakuna pa kumpeleka. Nyumbu jike hanyonyeshi ndama asiye wake. Anachoweza kufanya dereva mwema ni kuzima injini na kungoja kundi lipite karibu, kisha kuondoka ndama akiwa ameelekea kwa nyumbu wenzake. Wakati mwingine mama anapatikana. Wakati mwingine fisi anafika kwanza, na jioni hiyo baa inakuwa kimya. Taarifa ya mwezi itasema tu kwamba msimu wa kuzaa umekuwa mzuri, na hilo ni kweli pia.

Ndutu ina jambo jingine dogo ambalo wageni wake hawalisahau. Jioni, kwenye boriti za chumba cha kulia, kanu hujitokeza, wenye madoa na mikia mirefu ya pete, na kuwatazama watu wakila. Wamezoea. Kwa miaka mingi wamekuwa sehemu ya nyumba kama samani.

Machi mvua za masika zinaanza kukaza. Katikati ya mwezi hata ada ya hifadhi inashuka: kwa mgeni wa nje ya Afrika Mashariki hutoka dola 70 kwa siku hadi 60, bila kodi, mpaka katikati ya Mei. Ishara hiyo tu inatosha kukwambia nini kinafuata.

Aprili loji inafungwa, au inabaki na mgeni mmoja wawili na wafanyakazi wachache. Udongo mweusi wa mbuga unageuka ulimbo. Gari linazama mpaka ekseli na dereva anangoja jingine lije, nalo likija linazama. Hapo ndipo kazi ambayo mgeni hataiona inapofanywa. Turubai za mahema zinaanikwa kila jua linapochungulia, zisipate kuvu. Mbao zinapakwa dawa ya mchwa. Magodoro yanapigwa, vitanda vinakazwa nati, jenereta linafunguliwa chuma kwa chuma, sola zinafutwa. Mpishi mkuu anajaribu vyakula vipya na kuwapa walinzi waonje, na walinzi, ambao wamezoea dagaa na ugali, wanatoa maoni yao bila kumwonea haya.

Aprili ina siafu pia. Wanakuja usiku, baada ya mvua, kwa mstari mmoja mnene unaotoka vichakani kuelekea jikoni. Mtu wa kwanza kuwagundua ni yule aliyekanyaga. Jiko zima linaamshwa. Majivu ya moto yanamwagwa kuziba njia, masanduku ya nyama yanainuliwa juu, na ikishindikana watu wanawaachia siafu jengo mpaka wamalize shughuli yao. Uzuri ni kwamba wakiondoka hawaachi mende hata mmoja. Nimemsikia mtunza stoo akisema hiyo ndiyo fyumigesheni pekee ya mwaka ambayo haihitaji risiti.

Lakini habari kubwa ya Aprili kwenye mesi ni ya watu wanaoondoka. Wenye ajira ya kudumu wanakwenda likizo. Wa mikataba ya msimu wanarudi nyumbani bila mshahara mpaka Juni: Mugumu, Bunda, Karatu, Arusha. Kwenye vipeperushi vya makampuni hutaliona neno juu ya miezi hii, ingawa ndiyo inayoamua kama mtoto ataendelea na shule. Na loji haiwezi kujitenga na vijiji hivyo hata ikitaka. Mapema 1994 simba wa Serengeti walianza kuonekana wakitetemeka kama wenye kifafa, kisha wakifa. Ulikuwa ugonjwa wa mbwa, virusi vya distempa, uliotoka kwa mbwa wa vijiji vya mpakani. Theluthi moja hivi ya simba wote wa Serengeti, karibu elfu moja, waliangamia kwa muda mfupi. Tangu hapo chanjo ya mbwa vijijini imekuwa sehemu ya kazi ya kulinda simba. Simba anayepigwa picha mbele ya loji anamtegemea mbwa wa mhudumu wa vyumba, kule kwao, awe amechanjwa.

Mitego ya waya ya ujangili nayo inaifunga loji na vijiji hivyo. Inategwa hasa upande wa magharibi nyumbu wanapopita, na tangu 2017 kuna timu zinazozunguka hifadhini kazi yao ikiwa kuiondoa tu, kwa fedha ambazo kampuni za utalii zimechangia. Ni kazi nzuri. Maoni yangu ni kwamba mkataba wa miezi kumi na miwili kwa vijana wa vijiji vya mpakani ungeondoa waya nyingine nyingi kabla hazijafungwa.

Aprili ndefu kuliko zote ilikuja 2020, mwaka wa korona. Wageni wa kimataifa walioingia Tanzania walishuka kutoka zaidi ya milioni 1.5 mwaka 2019 hadi 620,000 na ushee. Loji zilifungwa milango, wafanyakazi wakarudishwa, wakabaki walinzi. Wazee wa kazi walikumbuka mara ya kwanza jambo kama hilo lilipotokea. Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikiwa inavunjika, Tanzania ilifunga mpaka na Kenya. Kabla ya hapo watalii wengi wa Serengeti walikuwa wanatokea Nairobi kupitia Maasai Mara. Ghafla loji zile mpya za miamba zikabaki na vyumba vitupu, na mpaka ukafunguliwa tena 1983. Njia ya Bologonja, kati ya Mara na Serengeti, haikufunguliwa kwa watalii mpaka leo. Nyumbu peke yao ndio wanaoitumia.

Mara zote mbili lilijitokeza swali moja: kwa nini biashara hii yote inamtegemea mtu wa mbali kiasi hiki? Mwaka 2020 baadhi ya loji zilianza kutangaza bei za wakazi kwa Kiswahili. Wageni wa nje waliporudi, matangazo mengi kati ya hayo yakatoweka.

Mwishoni mwa Mei mvua zinaisha, na nyumbu wanaoelekea magharibi na kaskazini wanaanza kupandana. Madume yanakoroma usiku kucha, kila moja likilinda kipande chake cha ardhi na majike yaliyomo kwa saa chache. Jike hubeba mimba miezi minane hivi. Majike yote yakipandwa ndani ya wiki chache, yote yatazaa ndani ya wiki chache. Februari inatengenezwa hapa. Wafanyakazi wanarudi, wengine kwa mabasi yanayotoka Arusha kwenda Musoma kwa kukatiza hifadhini, ambamo abiria mwenye kuku mapajani anapita katikati ya pundamilia bila kugeuza shingo.

Kuanzia Julai mpaka Oktoba habari zinahamia kaskazini. Kambi za kuhamahama zimeshang'olewa kusini, zimepakiwa kwenye malori, vitanda, masinki, majiko, matanki ya maji, na kusimamishwa upya karibu na Kogatende. Wiki ya kuhama ni ngumu kuliko wiki yoyote ya wageni. Hapo ndipo utamjua fundi bomba: asubuhi ni porini, jioni kuna bafu lenye maji ya moto.

Kuvuka kwa mto Mara kumeandikwa vya kutosha na watu wengine, nami nitapita haraka. Madereva wanapeana habari kwa redio, magari yanajipanga ng'ambo, nyumbu wanasita saa nzima kisha mmoja anajitupa. Wengi huvuka. Wengine hufa, si kwa mamba tu, bali kwa kukanyagana na kuzama. Utafiti uliochapishwa 2017, uliofanywa upande wa Kenya, ulikadiria kuwa wastani wa nyumbu 6,250 hufa mtoni humo kwa mwaka. Mizoga hiyo inalisha tumbusi, kongoti, mamba na samaki, na mifupa inaendelea kutoa fosforasi kwenye maji kwa miaka. Hata kifo cha huko kina walaji wengi waliokipangia foleni.

Foleni ya magari ndiyo inayotisha zaidi. Julai 2025 zilisambaa video za watalii walioshuka kwenye magari na kusimama ukingoni, wakiwazuia nyumbu wasivuke. Watu walikasirika, na walikuwa na haki. Lakini ukikaa na madereva utasikia upande wa pili: mgeni amelipa maelfu ya dola, amepewa siku mbili za Kogatende, wakala ameshamwahidi mto, na tipu ya dereva iko mikononi mwa mgeni huyohuyo. Kanuni zipo na ziko wazi. Shinikizo linaanzia ofisini, mbali na mto, pale ahadi ilipotolewa.

Miezi hii ni ya kiu na baridi. Alfajiri za Julai zinauma, na mgeni aliyekuja na kaptula akidhani Afrika yote ni joto anaazimwa blanketi la Kimasai garini. Usiku wahudumu wanaweka chupa za mpira zenye maji ya moto chini ya shuka, na wakisahau kumwambia mgeni, kelele husikika mpaka mapokezi, maana mguu wake umegusa kitu laini chenye joto gizani. Tembo nao wanafuata maji. Wanayasikia ndani ya mabomba, wanafukua, wanakata, wanakunywa, na fundi anaamka saa kumi alfajiri kushona alichoshona juzi. Loji yenye bwawa la kuogelea haina haja ya kumtafuta tembo Septemba. Oktoba kila mtu anatazama mawingu ya mashariki.

Nikirudi kwenye ile taarifa ya mwezi, kosa lake kubwa ninaliona kwenye anwani. Imeandikwa kwa Kiingereza kwa ajili ya mtu aliye Hamburg au Boston, na mtu wa Bunda anayeishi mwendo wa saa moja kutoka hifadhini haimfikii. Kwa hiyo hii hapa ni taarifa fupi kwa ajili yake. Mwezi Juni, mvua zikiwa zimekatika, makundi makubwa huwa ukanda wa magharibi, karibu na mto Grumeti. Lango la Ndabaka liko kandokando ya barabara kuu ya Mwanza–Musoma, huna haja ya kuzunguka Arusha wala kulipia Ngorongoro. Usiende Aprili kwa njia hiyo, utalala kwenye tope. Ada ya raia wa Afrika Mashariki aliye mtu mzima ni shilingi 10,000 bila kodi, na ya mtoto wa miaka 5 hadi 15 ni 2,000. Piga simu loji yenyewe uulize bei ya wakazi, kwa sababu mara nyingi ipo na haitangazwi.